Namna ya kusaka magofu ya Warumi ukiwa zako Tanga

Tuanzie shambani kwa bibi yangu, Muheza. Mvua zilikata mapema, nikaona katikati ya mahindi pana mstari umenyooka kabisa, mahindi yake yamedumaa, majani njano, wakati ya huku na huku yamesimama vizuri tu. Bibi akasema, mjukuu wangu hapo chini pana msingi wa nyumba ya zamani ya enzi za mkonge, ukipiga jembe linalia.

Kusaka magofu ya Warumi ndiyo kazi hiyohiyo. Ukuta uliofukiwa unainyima mizizi maji, mtaro wa kale uliojaa udongo unafanya kinyume, mazao ya juu yake yanarefuka na kuwa kijani zaidi, na ukitazama kutoka angani unaona jengo zima limechoreka. Uingereza ilipopigwa na ukame 2018 magofu mengi yalijitokeza namna hiyo. Na 2005 Muitaliano mmoja wa mambo ya kompyuta, Luca Mori, alikuwa anaangalia tu maeneo ya kwao karibu na Parma kwenye Google Earth, akaona vivuli vya mstatili, akapeleka taarifa kwa wataalamu, kumbe ni makazi ya Kirumi!

Sasa wewe fungua Google Earth kwenye kompyuta maana ina sehemu ya kurudi kwenye picha za miaka ya nyuma, nenda Ulaya walikotawala Warumi, chagua Juni mpaka Agosti ndio kiangazi cha huko, pita shamba kwa shamba taratibu. Ngome ya Warumi mara nyingi ina umbo la karata, mstatili wenye pembe za mviringo, ukishaizoea moja hutaisahau. Barabara zao zimenyooka sana, ila jihadhari, mabomba ya maji na gesi nayo huchora mistari hivyohivyo. Penye msitu tumia picha za laida, zile za miali ya leza kutoka kwenye ndege, Uingereza wanazitoa bure, na 2020 watu wamefungiwa ndani kwa korona walijitolea kuzipitia na Chuo Kikuu cha Exeter wakapata vipande vya barabara za Kirumi na makazi ya kale kama 30 hivi.

Kufuatilia uchimbaji unaoendelea, anza na Pompeii, mji wa Kirumi kule Italia uliofunikwa na volkano. Theluthi moja ya mji bado imefukiwa tangu mwaka 79, na wenyewe wanaweka taarifa za uchimbaji mtandaoni. Mimi naipenda zaidi Vindolanda, ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, udongo wake hauna hewa kwa hiyo viatu vya ngozi vya askari vinatoka vizimavizima, yaani unaona mpaka kisigino kilivyolika.

Halafu tusisahau kwetu, jamani. Wafanyabiashara wa Misri ya Warumi walikuja pwani hii karne ya kwanza, wakaandika habari za soko la Rhapta, jina lililotokana na boti za kushonwa, ndugu wa mitepe yetu. Lilipokuwa hapajulikani hadi leo, wapo wanaosema Pangani, wapo wanaosema Rufiji. Kafanye mazoezi ya macho kwenye magofu ya Tongoni kwanza, hapo pwani. Ukiokota kigae cha chungu bahari ikiwa imekupwa, weka sarafu pembeni ya kuonyesha ukubwa upige picha, andika mahali, kirudishe palepale ukatoe taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale. Usichimbe, sheria ya 1964 inataka kibali.