Kuizunguka Tanga kwa baiskeli: panga njia kwa kufuata upepo

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zinaitwa kwa namba, na baiskeli inabeba kila mtu: mwanafunzi, muuza samaki, mzee anayewahi msikitini. Ndani ya mji hakuna anayehitaji kufundishwa. Kazi inaanza pale mtu anapotaka kutoka nje, kwenda Amboni, Tongoni, Muheza au Pangani. Wengi huuliza kilomita ngapi. Mimi nazungusha wageni njia hizi, na swali langu la kwanza siku zote ni upepo unatoka wapi. Kilomita zilezile asubuhi ni matembezi, saa nane mchana ukiwa umeelekeza uso kwenye upepo ni adhabu.

Hatua ya 1: Jua msimu uliopo

Kusi huvuma kutoka kusini, kwa kukadiria kuanzia Aprili hadi Oktoba. Kaskazi hushika kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Wavuvi wa Sahare na Mwambani hupanga kazi zao kwa pepo hizi, na mwendesha baiskeli hana sababu ya kufanya tofauti.

Kanuni ni moja: nenda ukipambana na upepo wakati miguu bado mibichi, rudi ukisukumwa. Kwa hiyo msimu wa kusi ni msimu wa Tongoni, kwa sababu Tongoni iko kusini ya mji. Asubuhi upepo bado mdogo unakwenda, mchana umeamka unakurudisha nyumbani. Msimu wa kaskazi ni wa Pangani kwa safari ya upande mmoja: unashuka pwani na upepo mgongoni, unalala huko, kisha unarudi na basi, baiskeli juu ya keria. Ukiwa huna muda wa kulala, kaskazi ikiwa kali achana na kusini, nenda Amboni.

Masika, hasa Aprili na Mei, njia za vumbi hugeuka tope na mashimo hujificha chini ya maji. Mimi miezi hiyo siendi mbali na lami. Vuli haina ukali huo, unaweza kusubiri mvua ipite kibandani na kuendelea.

Hatua ya 2: Iandae baiskeli

Baiskeli ya kawaida yenye keria inatosha kwa Amboni na Tongoni. Gia zinahitajika ukielekea Muheza na kwingineko kwenye miinuko. Kama unakodi, usikubali kabla ya kuigeuza miguu juu na kuzungusha magurudumu yote mawili: rimu isiyumbe, spoku zisilegee, breki zishike kwa pamoja. Tikisa pedali upande kwa upande. Ikicheza, gololi zimekwisha.

Beba tyubu moja ya akiba, pampu, viraka, gundi, kipande cha msasa, spana na vyuma viwili vya kung'olea tairi. Mafundi wapo kila kona mjini, na vijiji vingi vina fundi chini ya mwembe, lakini katikati ya shamba la mkonge hakuna mtu.

Na ni kwenye mkonge ndiko utakakopata pancha. Zao hili lililetwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na hadi leo mashamba yake yamezunguka mji. Jani la mkonge lina mwiba mgumu nchani. Majani yakidondoka kwenye trekta na kukauka njiani, mwiba unabaki. Unapita kwenye tairi bila kelele, na utajua tu usukani ukianza kuwa mzito.

Ukipata pancha, fanya hivi. Toa tyubu, ijaze upepo, izamishe kwenye maji au ipitishe karibu na mdomo. Midomo inasikia hewa ambayo vidole havisikii. Weka alama. Kwangua kwa msasa hadi pawe pakavu na pasing'ae. Paka gundi nyembamba, kisha subiri. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanabandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi, na baada ya kilomita mbili kimeachia. Gundi ikiguswa kwa kidole isinate, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi zima. Mwiba bado umo. Kitambaa kitanasa ulipo, utausukuma utokee nje. Ukiuacha, utatoboa tena kabla hujafika.

Hatua ya 3: Anza na mzunguko wa mji

Huu ni wa kupasha miguu na kuijaribu baiskeli. Toka Ngamiani, pita Tangamano, nenda hadi Bustani ya Uhuru yenye mnara wa saa, kisha boma la zamani la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Endelea Bombo na ufuate bahari hadi Raskazone. Ukiwa pembezoni mwa bahari utakiona Kisiwa cha Toten ndani ya ghuba. Ni safari fupi, na jioni ndiyo saa yake. Kama kuna kitu kinalia au cheni inaruka, kirekebishe leo.

Hatua ya 4: Amboni, safari ya nusu siku

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kutoka mjini, pembeni ya barabara ya Horohoro, upande wa kijiji cha Kiomoni. Hii ndiyo njia ninayompa mtu anayetoka nje ya mji kwa mara ya kwanza. Toka saa 12 na nusu asubuhi, kabla malori ya mpakani hayajawa mengi. Ukiiacha lami, barabara ni ya vumbi na mawe, shuka gia au ushuke kabisa kwenye mteremko.

Lipa kiingilio, acha baiskeli ofisini, ingia na mwongozaji wa pale. Usiingie peke yako, mapango ni mengi na giza lake halina mwanya. Ni mapango ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Mwongozaji atakuonyesha maumbo ya mawe, popo, na mahali ambapo watu bado huja kutambika. Ukikuta vitambaa, marashi au kombe, usiguse. Atakusimulia pia kwamba pango linatokea Mombasa. Msikilize hadi mwisho, simulizi ni sehemu ya mahali.

Miguu ikiwa bado ina nguvu, uliza njia ya Galanos, kwenye chemchemi ya maji moto ya salfa. Pua itakuambia umekaribia kabla ya macho. Jina ni la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge eneo hilo.

Hatua ya 5: Tongoni, safari ninayoipenda kuliko zote

Ni kama kilomita 17 kwa barabara ya Pangani. Barabara hii imekuwa ikijengwa kwa lami, kwa hiyo siku moja kabla uliza madereva wa njia hiyo: wapi pana lami, wapi pana mchepuko, wapi malori ya kifusi yanapita. Kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi kidogo, shika usukani kwa wepesi na usikate kona ghafla. Ukipambana na mchanga, utakuangusha.

Kibao cha magofu kitakuelekeza kushoto, upande wa bahari. Salimia unapopita kijijini. Shikamoo kwa wazee isitolewe ukiwa kwenye mwendo: punguza, ikiwezekana shuka, ndipo utoe. Mtu aliyesalimia vizuri haulizwi anakwenda wapi kwa ukali, na akipata pancha anasaidiwa.

Magofu ni msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi ya karne ya 14 na 15, mengine yakiwa na nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini hata zilizolala zinaonyesha kazi ya waashi wa wakati ule, chokaa na mawe ya matumbawe. Pwani hii iliitwa Mtangata. Aprili 1498 jahazi moja la Vasco da Gama lilikwama kwenye miamba ya hapa, na Januari 1499, wakirudi kutoka India, Wareno walilichoma moto karibu na palepale kwa kuwa mabaharia hawakutosha tena kuliendesha. Simama kwenye makaburi utazame mikoko na bahari nyuma yake, utaelewa kwa nini watu walichagua kujenga pale.

Ni makaburi, kwa hiyo usiegemeze baiskeli kwenye ukuta wowote, usipande juu ya nguzo, na vaa nguo inayofunika magoti. Mwezi wa Ramadhani kula na kunywa kwako kufanyike faraghani.

Rudi saa tano, upepo ukiwa umeamka. Hapo ndipo utakapojua kwa nini nimeanza na upepo.

Hatua ya 6: Muheza na Pangani, ukishazoea

Muheza iko kama kilomita 35 hadi 40 magharibi, kwa barabara kuu ya Segera kupitia Pongwe. Kwenda ni kupanda kidogokidogo bila kuona mlima, kurudi ni kuteremka. Hatari yake ni malori ya saruji na mizigo. Funga kioo kwenye usukani, vaa kitu kinachong'aa, na ukiona malori mawili yanakaribia kupishana mahali ulipo, toka nje ya lami. Msimu wa machungwa, Muheza utamenyewa chungwa kwa kisu, ganda likitoka kama utepe mmoja mrefu, nyeupe ikibaki. Kula mawili, beba mengine kwenye keria.

Amani iko mbele zaidi, juu Usambara Mashariki, penye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Barabara ya juu ni ya kona na mawe. Bila gia na breki nzuri sikushauri, kwani mteremko wa kurudi ndio unaoumiza watu, siyo mpando.

Pangani ni kama kilomita 50. Pumzika Kigombe, kijiji cha wavuvi ambao nyavu zao zimewahi kunasa silakanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka zamani za kale. Kwa ajili yake hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 2009. Kunywa dafu, kula samaki wa kukaanga kwa muhogo, endelea.

Kwenye njia zote hizi beba maji lita 2 au zaidi kwa mtu mmoja, na chumvi kidogo kwenye chakula. Joto la Januari na Februari humwangusha hata kijana mwenye nguvu. Akianza kuumwa kichwa na jasho likakata, safari imeisha, mkalishe kivulini.

Hatua ya 7: Ukirudi, ioshe siku hiyohiyo

Hewa ya chumvi inakula cheni kuliko kilomita. Mwaga maji safi kwenye fremu na rimu, bila kuyaelekeza kwa nguvu penye gololi. Sugua cheni kwa brashi ya zamani ya meno na mafuta ya taa, ifute ikauke, kisha dondoshea mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedali kinyumenyume. Futa yanayobaki nje, kwa sababu cheni yenye mafuta mengi hukusanya mchanga. Kagua matairi yote kwa mkono kabla ya kuiegesha, na kama tyubu ya akiba imetumika, nunua nyingine kesho yake.