Namna ya Kukitambua na Kukitunza Kisu cha Kijeshi cha Vita Kuu ya Pili

Visu vya kijeshi vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vinanunuliwa na kuuzwa hadi leo, na si vyote vinavyotajwa kuwa vya wakati ule ni vya wakati ule kweli. Mwongozo huu unahusu visu viwili ambavyo mkusanyaji hukutana navyo mara nyingi kuliko vingine: jambia la Kiingereza la Fairbairn-Sykes na kisu cha Kimarekani cha Mark 2, ambacho wengi hukiita KA-BAR. Vyote viwili havikunjwi, na msuka wa kila kimoja, yaani mkia wa ubapa, hupita ndani ya mpini hadi kitakoni. Tofauti zao nyingine zilitokana na kazi iliyokusudiwa, pamoja na uhaba wa malighafi na haraka ya vita.

Shauri langu la kwanza ni kuanza kukichunguza kisu kwenye mpini, ingawa macho ya wanunuzi wengi hukimbilia ubapa. Ubapa hunolewa, hupigwa msasa, na ncha ikivunjika huchongwa upya, hata ukawa na sura ambayo kiwanda hakikuijua. Mpini, kikinga cha mkono na kitako huguswa kwa nadra, na hapo ndipo ushahidi wa umri unapobaki. Andaa lenzi ya kukuzia, rula na mwanga wa jua wa pembeni, kisha vaa glavu za pamba, kwa kuwa jasho la vidole lina chumvi inayoanzisha kutu.

Jambia la Fairbairn-Sykes linabeba majina ya William Ewart Fairbairn na Eric Anthony Sykes, waliowahi kutumikia polisi ya mji wa Shanghai kabla ya kurudi Uingereza na kuwafundisha askari wa makomando mapigano ya karibu. Mnamo Novemba 1940 walipeleka wazo lao kwa kampuni ya Wilkinson Sword ya London, na mwanzoni mwa 1941 majambia ya kwanza yalitoka kiwandani. Walitaka silaha nyepesi, nyembamba, yenye makali pande mbili na ncha kali, ambayo uzito wake ungelalia zaidi kwenye kiganja kuliko kwenye ubapa. Walikipata walichokitaka, lakini kwa gharama: jambia hilo lilifaa kwa kazi moja tu, na askari waliolitumia kufungulia makopo au kubandulia masanduku waliivunja ncha yake. Kwa hiyo jambia lenye ubapa mfupi kuliko kawaida si lazima liwe la bandia. Huenda ncha ilikatika na kuchongwa tena.

Jambia hili lina mitindo mikuu mitatu. Wa kwanza una kikinga kilichopinda kama herufi S, mpini wa shaba ya manjano uliochongwa mistari midogo inayokatana na kupakwa nikeli, na sehemu bapa isiyo na makali karibu na kikinga, ambapo maandishi ya kiwanda yalichorwa kwa asidi. Mtindo wa pili, wa 1942, una kikinga kilichonyooka, na ile sehemu bapa imeondolewa kwa sababu kuichonga kulikula muda wa mafundi. Kufikia mwishoni mwa 1943 ulikuja mtindo wa tatu, ambao mpini wake ulimiminwa kwenye kalibu kwa aloi ya bei nafuu na kuzungushiwa mifuo kama pete, kwani shaba ilihitajika kwingineko vitani. Mitindo miwili ya mwanzo hutambulika haraka ukitazama mahali ambapo mkono umeusugua mpini: rangi ikiisha, shaba ya manjano hujitokeza.

Mtindo wa tatu ndio unaowachanganya watu, kwa kuwa uliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya vita, hususan mjini Sheffield. Mpini wenye pete, peke yake, hauthibitishi kwamba jambia lilikuwapo vitani. Ukikuta neno ENGLAND limegongwa kwenye kikinga, kwa kawaida unatazama bidhaa ya biashara ya baada ya vita, nayo haistahili bei ya jambia la 1943. Walaghai, kwa upande wao, hupenda kuiga mtindo wa kwanza kwa sababu ndio wenye bei kubwa. Ukiuziwa wa namna hiyo, tazama mgongo wa katikati ya ubapa kuanzia kikinga hadi ncha: bapa hizo zilichongwa kwa mikono ya mafundi, hivyo tofauti ndogondogo kati ya moja na nyingine ni jambo la kawaida, na usawa uliopindukia unapaswa kukutia shaka.

Kisu cha Mark 2 kilizaliwa na fikra nyingine kabisa. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani (Marine Corps) walikuwa na kisu cha mahandaki cha 1918, chenye mpini wa shaba nyeusi wenye matundu ya vidole ya kupigia ngumi, kizito, kilichokula madini mengi na kisichofaa kitu nje ya mapigano. Mnamo Novemba 1942 walikipitisha kisu kipya, kilichopewa namba 1219C2, ambacho kingeweza kupigana, kukata kamba, kuchimba na kufungua makopo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilichobuniwa kwa busara zaidi kati ya viwili hivi, kwa sababu askari hutumia siku nyingi kufungua makopo kuliko kupigana. Ubapa wake wa feleji yenye kaboni una urefu wa inchi 7, yaani karibu sentimita 18, na mgongo wake umekatwa kwa mshazari kuelekea ncha. Mfuo ulio ubavuni hupunguza uzito. Hadithi kwamba ni njia ya kupitishia damu haina msingi.

Mpini wake ni vipande vya ngozi vilivyotobolewa katikati, vikavishwa kwenye msuka kimoja baada ya kingine, vikakandamizwa na kuchongwa. Kitako ndicho kitakachokueleza mengi. Katika visu vya mwanzo kabisa kilikazwa kwa nati. Baadaye mwisho wa msuka uligongwa nyundo ukatanuka juu ya kitako. Kisha ikaja pini inayopita ubavuni. Kisu kinachodaiwa kutoka katika shehena za kwanza za 1943, huku kikiwa na pini, kiulizie maswali.

Baada ya kitako, soma mihuri. Kampuni ya Camillus ndiyo iliyotangulia kupeleka visu jeshini, zikafuata Union Cutlery ya Olean katika jimbo la New York, PAL na Robeson. Vya wanamaji wa nchi kavu vilipigwa U.S.M.C., na vya jeshi la majini U.S.N. MARK 2. KA-BAR ilikuwa alama ya biashara ya Union Cutlery pekee, lakini ilienea midomoni mwa askari hata kampuni yenyewe ikaja kuichukua kuwa jina lake. Hivyo kisu cha Camillus kisichokuwa na neno KA-BAR hakina kasoro. Kumbuka pia kwamba visu vya muundo huu vinatengenezwa hadi sasa, navyo si bandia, ila si vya zamani.

Ukishakitambua kisu chako, usikisafishe kama sufuria. Ile rangi ya kijivu ya fosfeti kwenye ubapa wa Mark 2 na mabaki ya nikeli kwenye jambia ni sehemu ya ushahidi, na msasa au dawa ya kung'arishia shaba huviondoa moja kwa moja. Doa jeusi lililotulia liache. Kutu nyekundu ya ungaunga ndiyo inayokula chuma: itie mafuta ya cherehani, iache ilainike usiku mzima, kisha ikwangue kwa kijiti cha mwanzi na uifute kwa kitambaa laini. Paka mafuta kiasi kwenye chuma tu. Ngozi ya mpini ipakwe nta kidogo, kwani mafuta mengi huivimbisha na kuilegeza.

Usikihifadhi kisu ndani ya ala yake. Ngozi hunyonya unyevu, na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma na kuacha ukungu wa kijani kwenye shaba. Mtu anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, penye hewa ya chumvi, ataona madhara hayo upesi. Weka kisu na ala kando kwa kando, mahali pakavu. Kabla ya kuagiza kutoka ng'ambo, uliza sheria ya nchi yako, maana makali pande mbili huleta matatizo forodhani. Australia, kwa mfano, huzuia majambia kuingizwa bila kibali.

Ala ya jambia la Fairbairn-Sykes ilikuwa na vipande vidogo vya ngozi pembeni, vya kuishonea kwenye suruali au mfuko wa askari. Wengi walivikata. Ukikuta vimekatwa, usivishone vipya: ala iliyokatwa na mwenyewe vitani ina thamani kuliko iliyokamilishwa jana.