Usimtajie mkutubi umri wa mtoto kwanza

Ukienda maktaba kumtafutia mtoto kitabu, usianze na "ana miaka minane." Mwambie mkutubi kitabu ambacho mtoto aliomba asomewe tena, na kipande kilichomnasa: "alirudia pale fisi anapodanganywa, akacheka hadi akajilaza sakafuni." Umri unaishia kukuonyesha rafu nzima, kipande hicho kinakufikisha kwenye kitabu chenyewe. Mkutubi ataelewa kwamba mtoto anapenda ujanja kuliko wanyama, na badala ya picha za simba atakupeleka rafu ya namba 398.2, kwenye ngano, yaani hadithi za mapokeo. Ishike hiyo namba. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake, kwa hiyo safari ijayo unajiendea mwenyewe: michezo 796, wanyama wa kufugwa 636, mapishi 641.5. Kama kitabu ni kwa tukio, kwa mfano, mdogo wake amezaliwa au wamefiwa na bibi, taja swali ambalo mtoto analiuliza kila siku. Vya Idi na Krismasi vifuate wiki tatu au nne kabla. Vikishaazimwa, basi tena.

Mbinu hii hugoma mtoto anapotaka kusoma peke yake, maana hadithi tamu kuisikiliza yaweza kumshinda kuisoma. Hapo fungua ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vikifika vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu kiazime hata hivyo, ila msomee wewe.