Kuacha Sigara Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Namna ya Kupanga Wiki Zako

Mkazi wa Dodoma aliyeshauriwa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huwa na mambo mengi ya kuandaa: vipimo, fedha, ruhusa ya kazini, ndugu wa kumuuguza, na pengine safari ya Dar es Salaam, kwa mfano hadi Muhimbili Mloganzila, safari ambayo tangu mwaka 2024 imekuwa nyepesi kwa treni ya mwendokasi. Katika maandalizi hayo sigara huwekwa mwisho, kana kwamba ni jambo la kumalizwa usiku wa kuamkia safari. Kaka yangu aliiweka mwisho. Alirudishwa nyumbani na mkoba wake wa nguo mkononi, na upasuaji wake ukaahirishwa kwa zaidi ya miezi miwili. Ndiyo maana naandika kwamba siku ya kuacha sigara ipangwe kwanza, na mengine yote yaifuate.

Ni vyema kuelewa kwa nini madaktari hawalegezi kamba katika jambo hili. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo ndani ya moshi hunata kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inayofika kwenye mshono huwa haba na tena huwa na oksijeni pungufu. Katika upasuaji huu mshono hauko kwenye ngozi pekee. Daktari anapoondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba, au anapotengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, mishono yote ya ndani huitegemea damu hiyo hiyo ili ipone. Isipopona inaweza kuvuja, na uvujaji ndani ya tumbo huweza kuua. Mvutaji pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata nimonia baada ya dawa ya usingizi, ya damu kuganda miguuni au kwenye mapafu, na, kwa yule aliyeunganishwa utumbo, ya kupata vidonda kwenye maungio, ambavyo vinaweza kujitokeza hata miaka kadhaa baadaye.

Hesabu wiki kwa kurudi nyuma

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mvutaji anayeacha tumbaku wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya kupata matatizo, na kwamba kila wiki inayoongezeka juu ya hizo nne huboresha matokeo ya afya kwa asilimia 19. Madaktari wengi wa upasuaji wa kupunguza uzito hutaka angalau wiki sita, na wengine hutaka miezi mitatu. Muulize daktari wako kiwango anachokitumia yeye, kisha ushike kalenda.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kabla ya upasuaji, kwa kawaida kwa muda wa wiki mbili hivi, mgonjwa hupewa mlo maalumu wenye wanga na mafuta kidogo sana, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufikia mfuko wa chakula. Kwa mtu aliyelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda, wiki hizo mbili ni nzito hata bila mzigo mwingine. Ukiacha sigara ndani ya wiki hizo hizo, utakuwa unapambana na njaa na arosto, yaani usumbufu wa mwili uliokosa nikotini, kwa pamoja, na mara nyingi kimojawapo kitakushinda. Kwa hiyo usihesabu kuanzia siku ya upasuaji, bali kuanzia siku ya kwanza ya mlo huo, kisha urudi nyuma wiki nane. Kwa maoni yangu kipimo hicho kinatosha kuyatimiza masharti ya madaktari wengi na kukuachia nafasi ya kuteleza mara moja na kuanza upya. Kama bado hujapewa tarehe, usiisubiri, kwa maana huhitaji tarehe ya hospitali ili kuacha sigara.

Fahamu pia kwamba kinachopaswa kukoma ni tumbaku ya kila namna. Huku kwetu wapo watu wazima, hasa vijijini Mpwapwa na Kongwa, wanaojibu kwa moyo safi kabisa kwamba hawavuti, ilhali kikopo cha ugoro hakiwatoki mfukoni. Nikotini ya ugoro huingia mwilini kupitia pua au fizi na kubana mishipa vilevile. Shisha ni tumbaku, na kikao kimoja humwingizia mtu moshi mwingi kuliko sigara moja. Sigara za kielektroniki nazo kwa kawaida zina nikotini. Anayevuta bangi amweleze mtaalamu wa dawa ya usingizi bila kuficha, kwa kuwa huyo humuuliza ili amlinde, wala hana haja ya kumshtaki.

Hospitali nyingi hupima kotinini, ambayo ni mabaki ya nikotini yanayoonekana kwenye damu au mkojo kwa siku kadhaa baada ya sigara ya mwisho. Plasta na bazoka za nikotini, zinazotumiwa kumsaidia mtu kuacha sigara, nazo hukipandisha kipimo hicho, hivyo ukizitumia mjulishe daktari mapema, na mkubaliane lini utaziacha.

Siku ya kuacha na wiki za mwanzo

Chagua siku kwa kuyatazama maisha yako yalivyo. Mtumishi wa Mji wa Serikali Mtumba anayejua kwamba vikao vya bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, humkalisha ofisini hadi usiku, asiichague wiki ya aina hiyo. Muislamu anaweza kuutumia mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa mchana wote tayari hatavuta, na kazi itakayobaki ni kuulinda usiku. Siku moja kabla, toa nyumbani sigara, viberiti na visahani vya majivu, na ufue shuka na makoti yanayonuka moshi.

Kisha nenda kwa mwenye kibanda unakonunulia. Wengi wetu hatununui pakiti. Tunanunua sigara moja moja, tena kwa mkopo unaolipwa mwisho wa mwezi, na mtindo huo humfanya mvutaji asijue amevuta ngapi. Lipa deni lote, umwambie mbele ya watu kwamba unakwenda kufanyiwa upasuaji, na umwombe asikuuzie wala asikukopeshe hata ukimbembeleza. Kaka yangu alipofanya hivyo mara ya pili, yule muuzaji ndiye aliyekuwa akimuuliza kila asubuhi amefikisha siku ya ngapi, na naamini msaada huo ulizidi maneno yetu sisi ndugu zake.

Arosto hupanda zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua polepole katika wiki mbili hadi nne. Utakuwa na hasira za ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kizito na njaa. Wafahamishe walio nyumbani, ili mama watoto au baba watoto asidhani amekosa jambo. Hamu yenyewe hudumu dakika chache tu inapokuja: inuka ulipoketi, kunywa maji taratibu, piga mswaki au tembea hadi nyumba ya tatu na kurudi, nayo itakuwa imeshuka.

Punguza kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe kafeini haraka mwilini, kwa hiyo anayeacha kuvuta akaendelea na vikombe vile vile vya barazani hubakiwa na kafeini nyingi kuliko alivyozoea, akatetemeka na kukosa usingizi, kisha akadhani kwamba ni sigara inayomdai. Nusu ya kiasi chako cha kawaida inatosha. Pombe, iwe bia, wanzuki au mvinyo wa zabibu zetu, iache kabisa katika wiki hizi, kwa kuwa maazimio mengi huvunjikia hapo.

Kikohozi kinaweza kuongezeka mwanzoni, kwa kuwa mapafu yanaanza tena kujisafisha, na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi halisaidii. Hiyo si dalili kwamba kuacha kumekudhuru. Ukikohoa damu au ukipata homa, nenda hospitali.

Lipo suala la uzito, ambalo kwa msomaji wa mwongozo huu ndilo linalotisha zaidi. Ni kweli kwamba anayeacha sigara huongezeka uzito, kwa wastani kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa hutokana na kile kinachochukua nafasi ya sigara mdomoni: mandazi, soda, karanga, ubuyu wa sukari. Weka karibu nawe tango na karoti zilizokatwa, na maji. Zabibu, hata kama zimevunwa shambani kwenu, zina sukari nyingi. Jipime mara moja kwa wiki, na namba ikipanda, ipeleke kwa mtaalamu wa lishe badala ya kurudia sigara. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki hizi, kwa kuwa mahitaji yake ya dawa yanaweza kubadilika.

Usione haya kutafuta msaada. Plasta na bazoka za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na vidonge vya bupropioni na vareniklini viliongezwa mwaka 2021. Havipatikani katika kila duka la dawa, kwa hiyo vianze kutafutwa mapema na kwa ushauri wa daktari. Bupropioni, kwa mfano, haimfai mtu mwenye kifafa. Kwa ushauri nasaha, uliza Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nako wako wataalamu wa uraibu, na inanisikitisha kwamba watu huogopa kuonekana getini pale kwa sababu ya maneno ya mitaani.

Ukiteleza ukavuta, hesabu siku upya na umweleze daktari kabla kipimo hakijamweleza. Upasuaji huu si wa dharura, na unaweza kusogezwa mbele.

Baada ya kutoka hospitali

Katazo haliishi siku ya upasuaji. Maungio ya ndani hubaki hatarini maisha yote, na hatari huongezeka sigara inapokutana na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku huuzwa kama pipi. Kila unapokwenda duka la dawa, hata kwa maumivu ya mgongo, tamka kwanza kwamba umefanyiwa upasuaji wa mfuko wa chakula, kisha ndipo utaje kinachokuuma.