Ekseli ya nyuma ya gari la rali: pima kwanza, ndo uchomelee

Wengi wakisikia ekseli ya rali wanawaza meno ya difu tu (gia za katikati zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), mimi naanzia kwenye ganda, yaani chuma cha nje kinachobeba difu katikati na shafti kwenye mabomba yake mawili, maana gari ikiruka na kutua mzigo wote unaishia pale na ganda likipinda hata kidogo beringi zinakufa, oili sili zinavuja, saidi shafti (vyuma vinavyotoka kwenye difu kuzungusha magurudumu) zinakatika, unabadilisha spea kila siku na ugonjwa haujauona.

1. Kuchagua. Kwenye Ford Escort za zamani ekseli inayoitwa English ni nyepesi na kichwa cha difu unakitoa kizima kwa mbele, kubadili rashio (uwiano wa meno ya difu) kazi fupi. Atlas, ile ya Capri ya lita 3.0, ni nzito ila ngumu kwelikweli. Injini ya kawaida baki na nyepesi, ukishaongeza nguvu nenda Atlas.

2. Pima kabla hujagusa kitu. Funga rimu zilizonyooka, chukua umbali wa rimu kwa rimu upande wa mbele, halafu nyuma, halafu juu na chini. Namba zilingane. Zungusha rimu nusu mzunguko urudie, maana rimu yenyewe inaweza kukudanganya.

3. Kuchomelea, na hapa ndo watu wanaharibu. Toa difu, shafti, beringi na sili zote, osha oili mpaka chuma king'ae. Bati la mm 3 la kuimarisha ganda lisipinde lipite chini yake toka bomba la kushoto mpaka la kulia. Choma kama sm 3, hamia upande wa pili, subiri mpaka mkono uweze kushika, ndo uendelee. Ganda langu la kwanza nilivuta weldi ndefu kwa mkupuo, chuma kikapoa kikajivuta, bomba likafuata, nikalitupa.

4. Shafti. Kama shafti ndo inabeba gurudumu, ikikatika gurudumu linaweza kuondoka nayo. Hela ikiruhusu weka habu (vitovu vinavyofungwa gurudumu) zinazokaa kwenye beringi zake juu ya ganda, shafti ibaki kuzungusha tu, ikikatika gurudumu bado lipo. Hii kwangu ni usalama wa watu kabla ya spidi.

5. Kipumulio, kitundu cha hewa juu ya ganda, kiunge paipu mpaka juu kwenye bodi, difu ya moto ikiingia mtoni inapoa ghafla na kunyonya maji.

6. Rudia vipimo vya hatua ya 2, viandike kwa rangi kwenye ganda lenyewe, kila mashindano yakiisha ingia chini ulinganishe.