Maadui wawili, handaki moja: namna ya kuipiga sini hiyo

Kabla ya kuwasha kamera, skripti iwe imejibu maswali mawili: kwa nini askari hawa hawauani sasa hivi, na kwa nini hakuna anayeweza kuondoka? Mdunguzi mmoja aliye kilimani anatosha. Jibu likilegea, mtazamaji atauliza "mbona hatoki?" na sini imekufia hapo.

Handaki usilichimbe. Udongo huporomoka, na kamera haipati pa kusimama. Lijenge juu ya ardhi: fremu za mbao, udongo wa kukandika ndani, magunia ya mchanga ukingoni, na ukuta mmoja unaong'oka. Upana wa mita 1.2 hadi 1.5 unafaa, wakikaa wakitazamana, magoti yanakaribia kugusana. Ukizidi mita 2, hofu inapata pa kutokea.

Sasa vuta mstari wa kufikirika kutoka macho ya huyu hadi macho ya yule, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuruka, mhariri ataletewa askari wawili wanaotazama upande uleule, kama wanaosubiri basi. Ukitaka kuvuka, vuka ndani ya shoti, kamera ikizunguka mtazamaji akiona. Uvukaji huo uweke akiba hadi bunduki ibadili mikono.

Anza na lenzi ya milimita 35, shoti za begani, ili bega la adui liwemo kwenye kila fremu. Wanapozoeana nenda 50, kisha 85, uso mmoja mmoja. Lenzi, umbali na kimo cha kamera viwe sawa kwa wote wawili, la sivyo umeshampendelea mmoja bila kujua. Upendeleo wa makusudi ni mwingine: shusha kamera kidogo kwa aliyeshika bunduki.

Risasi baridi hapa ni marufuku. Hazina kichwa, lakini gesi na vipande vinavyoruka vinaua mtu aliye karibu, na hawa wametenganishwa na hatua moja. Tumia bunduki bandia. Mwako na mlio viongezwe kwenye uhariri. Hata hiyo bandia ielekezwe pembeni kidogo ya mwili, kamera haitaona tofauti.

Kuhusu lugha, kila mmoja aseme yake. Katika Hell in the Pacific (1968) Lee Marvin anasema Kiingereza, Toshiro Mifune Kijapani, na hawaelewani. Mbinu hii inashika pale tu shida inapoonekana kwa macho: kiu, kidonda, baridi. Neno ambalo mkono unaweza kulisema, lifute.

Kitakachokuumbua ni chupa ya maji wanayogawana. Imejaa nusu, shoti inayofuata imejaa robo, halafu nusu tena. Piga picha ya kimo cha maji, tope la mkononi na fundo la bendeji kabla na baada ya kila tek, yaani kila mara shoti inapopigwa.

Mwisho, kabla hamjang'oa kitu, wote wasimame kimya na mrekodi sekunde 60 za ukimya wa handaki lenyewe. Sini hii ina mapengo mengi ya maneno, na mhariri atahitaji kitu cha kuyajazia.