Kuba la Reichstag, Berlin: andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti

Kupanda kuba la kioo la Reichstag, jengo la Bunge la Ujerumani (Bundestag), ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bundestag. Jaza jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja wenu, herufi kwa herufi kama pasipoti inavyosema. Orodha hiyo hupitiwa na watu wa usalama kabla ya siku yako, kisha mlangoni hulinganishwa na pasipoti yenyewe, kwa hiyo ibebe. Wengi wetu huteleza kwenye jina la babu: lipo kwenye pasipoti, kwenye fomu halipo. Kama fomu inakuruhusu kuchagua, chukua ziara ya kuongozwa ya dakika 90. Unaelezwa kazi za Bunge na jengo lenyewe, halafu unapanda kubani. Nafasi za mtandaoni zikiisha, jaribu kituo cha huduma kilicho jirani na jengo, angalau saa mbili kabla ya muda unaoutaka. Foleni yake kiangazi, jiandae. Dawa hii haifui dafu siku kuba linapofungwa kwa usafi au matengenezo. Tarehe hutangazwa kwenye tovuti hiyohiyo.